Jina Ubavuni, Dohani Juu: Filamu Zipi za Zamani za Hollywood Zinaonyesha Meli Yenyewe

Meli ya Kifaransa Île de France imo katika filamu mbili za Hollywood zilizopishana kwa miaka saba, na mtu anayetaka kuiona meli hiyo anaweza kuchagua vibaya kwa urahisi sana. Katika filamu ya kwanza, Gentlemen Prefer Blondes ya mwaka 1953, Marilyn Monroe na Jane Russell wanasafiri kutoka New York kwenda Ufaransa, na meli inayowachukua inatajwa kwa jina lake halisi. Katika ya pili, The Last Voyage ya mwaka 1960, jina hilo halitajwi kamwe. Meli inaitwa Claridon, jina la kubuni. Hata hivyo ni katika filamu ya pili ndipo Île de France ilipo, chuma chake chenyewe kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, ilhali katika ya kwanza sehemu kubwa ya vyumba, sitaha na korido tunazoziona zilijengwa kwa mbao na rangi ndani ya studio ya Twentieth Century-Fox.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya msomaji mwenye jioni mbili tatu za kuangalia filamu, ambaye angependa kuziona meli kubwa za abiria zilizovuka Atlantiki kabla ndege hazijazinyang'anya kazi, na ambaye hataki kudanganywa na studio. Kati ya meli za Atlantiki nitakazozitaja, Queen Mary pekee ndiyo bado inapokea wageni, nayo imefungwa Long Beach, California, tangu Desemba 1967. Nyingine zimekatwakatwa kwa vyuma chakavu, zimeungua au zimezama, na moja ilivutwa mwaka 2025 ili iandaliwe kuzamishwa kwa makusudi. Kwa hiyo filamu ndiyo njia iliyobaki ya kuziona zikielea na kutembea, lakini si kila filamu inayozitaja inazionyesha, na si kila filamu inayozionyesha inazitaja.

Dohani kabla ya jina

Waliokulia jirani na bandari ya Kilindini katika miaka ya 1950 hawahitaji kufundishwa namna ya kuitambua meli. Meli yenye mwili wa rangi ya zambarau iliyopauka na dohani nyekundu yenye kilele cheusi ilikuwa ya Union-Castle; dohani nyeusi yenye mikanda miwili myeupe ilikuwa ya British India. Jina lilisomwa baadaye, meli ikikaribia gati, na mara nyingi lilithibitisha tu kile ambacho macho yalikwisha kukijua. Mtazamaji wa filamu anapaswa kufuata mpango huohuo, kwa sababu jina ndicho kitu rahisi kuliko vyote kughushi: linahitaji kopo la rangi na boya moja la kuokolea lililotundikwa nyuma ya waigizaji. Kughushi dohani mbili au tatu, kila moja ikiwa na kimo cha nyumba ya ghorofa, pamoja na umbali ulio kati yao, ni kazi nyingine kabisa.

Rangi inasaidia, lakini katika filamu za rangi tu, na hata huko si sana. Kampuni ya Cunard ya Uingereza na kampuni ya French Line ya Ufaransa zote zilipaka dohani zao nyekundu na kilele cheusi, na katika filamu isiyo na rangi, nyekundu hizo mbili huwa kijivu kimoja. Kinachozitofautisha ni mistari: dohani ya Cunard ina pete nyembamba nyeusi zinazoizunguka chini ya kilele, na ya Kifaransa ni wazi. Ukisimamisha picha na kuziona pete hizo, umekwisha kuondoa nusu ya shaka.

Hapo ndipo ulinganisho wa Queen Mary na Normandie unapokuwa na faida, kwa kuwa zote mbili zilikuwa na dohani tatu, zote zilikuwa na urefu wa zaidi ya meta 300, na zote zilishindania mwendo kati ya mwaka 1936 na 1939. Dohani za Queen Mary zimesimama karibu wima, zimeshikiliwa kwa nyaya za chuma zinazoshuka hadi sitahani, na chini yake kuna msitu wa mabomba ya hewa yenye midomo mipana. Sitaha ya juu ya Normandie ilikuwa tupu kama uwanja, mitambo yake ikiwa imefichwa chini, na dohani zake zilikuwa pana, zilizolala kidogo kuelekea nyuma, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Dohani ya tatu haikutoa moshi, kwani iliwekwa kwa ajili ya umbo tu na ndani yake kulikuwa na vibanda vya mbwa wa abiria. Ukiona moshi ukitoka katika dohani zote tatu, huiangalii Normandie.

Queen Mary na ndugu yake mdogo Queen Elizabeth huchanganywa zaidi, ingawa ya pili ina dohani mbili tu. Mkanganyiko hutokea kwa sababu wapiga picha walipenda kuikata meli, wakatuonyesha omo na daraja la nahodha bila kilichopo nyuma. Katika hali hiyo tafuta nanga. Queen Elizabeth ilikuwa na nanga ya tatu, iliyokaa katikati kabisa ya ncha ya omo, ambayo Queen Mary haina. Dohani zake pia hazikushikiliwa kwa nyaya, na sitaha yake ilikuwa safi kwa kiasi ambacho mtu aliyezoea picha za dada yake huhisi kwamba kuna kitu kimefagiliwa.

Normandie kwa kweli inaonekana katika filamu moja maarufu ya Hollywood, lakini kwa sekunde chache na katika hali ya kusikitisha. Tarehe 9 Februari 1942, ilipokuwa New York ikigeuzwa kuwa meli ya kubebea askari kwa jina la Lafayette, cheche za mafundi waliokuwa wakichomelea chuma ziliangukia rundo la jaketi za kuokolea. Maji ya wazimamoto yakaijaza upande mmoja, ikalala ubavu gatini. Mwaka huohuo Alfred Hitchcock alitoa Saboteur, na ndani yake mhujumu aliyemo ndani ya teksi anageuza macho, anaiona meli hiyo imelala, kisha anatabasamu kidogo. Ni picha halisi ya meli halisi, na jeshi la majini la Marekani halikufurahishwa, kwa sababu kipande hicho kiliashiria kwamba hujuma imefanyika chini ya ulinzi wao. Simshauri mtu aitazame filamu nzima kwa ajili ya Normandie. Anayeipenda meli hiyo na aijue hiyo nukta, aisimamishe picha, aiangalie vizuri, kisha aendelee.

Île de France mara mbili

Sasa turudi kwenye meli yetu ya kwanza. Île de France ilianza safari zake Juni 1927 ikiwa na dohani tatu, ya tatu ikiwa ya bandia. Baada ya vita vya pili vya dunia ilifanyiwa matengenezo makubwa na kurudi kazini mwaka 1949 ikiwa na dohani mbili nene. Jambo hili peke yake ni kipimo kizuri: filamu yoyote yenye kisa cha miaka ya 1950 inayodai kuwa melini Île de France huku ikionyesha dohani tatu, imechukua picha za akiba za kabla ya vita.

Gentlemen Prefer Blondes, iliyoongozwa na Howard Hawks, ni filamu nzuri ya nyimbo na mizaha, na sitaki kumzuia mtu asiitazame. Bali itazame kwa ajili ya Monroe aliyekwama kwenye dirisha la duara, na Russell akiimba katikati ya kundi la wanamichezo wasiomjali. Usiitazame kwa ajili ya meli. Sitaha zake ni pana mno, dari zake ziko juu mno, na mwanga unatoka upande ambao jua haliwezi kutoka. Studio hiyo ilikuwa na desturi ya kutotupa kitu: mwaka huohuo ilitengeneza Titanic na Dangerous Crossing, na hii ya mwisho ilipigwa kwa haraka ndani ya seti zilizokwisha kutumika katika Titanic na katika filamu ya Monroe. Mtazamaji akiziweka bega kwa bega ataanza kuona korido na ngazi zilezile zikibadilishiwa majina ya meli, na huo ni ushahidi wa kutosha kwamba hakuna meli hapo.

The Last Voyage ni habari nyingine. Kampuni ya Kifaransa ilipoiuza Île de France kwa wavunja meli wa Japani, meli ilibadilishwa jina ikawa Furansu Maru na kupelekwa Osaka. Kabla haijakatwa ilikodishwa kwa watengenezaji wa filamu, Andrew Stone na mkewe Virginia, waliokuwa wakifanya kazi kwa kampuni ya MGM na waliochukia seti. Wamiliki wa zamani walipinga vikali. Hawakutaka watu waione meli yao ikizama kwenye sinema, na matokeo yakawa kwamba jina la Île de France lisionekane na dohani zipakwe rangi nyingine. Ndiyo maana nilisema rangi haitoshi. Hapa rangi ni ya uongo, jina ni la uongo, lakini umbo la meli ni la kweli.

Kisa chenyewe ni chepesi. Moto unazuka kwenye chumba cha mitambo, boila inalipuka, mwanamke anayechezwa na Dorothy Malone anabanwa chini ya chuma ndani ya chumba chake, na mumewe, Robert Stack, anakimbia huku na huko akitafuta msaada huku nahodha, George Sanders, akikataa kukiri kwamba meli inakufa. Utajiri wa filamu uko katika kile kilicho nyuma ya waigizaji. Kuta zinazobonyea ni kuta za kweli. Maji yanayopanda katika ukumbi wa kulia chakula yanapanda katika ukumbi wa kweli wa mojawapo ya meli zilizosifiwa kuliko zote kwa mapambo yake ya miaka ya 1920. Ili meli ielekee kuzama, sehemu yake ya mbele ilijazwa maji kwa kiasi kilichopimwa katika maji ya kina kifupi, na inapoinama, sitaha nzima inainama pamoja na waigizaji, si kamera tu iliyopindishwa.

Kuna kipande kimoja ambacho ningependa kila mwenye shauku ya meli akione angalau mara moja, nacho ni kuanguka kwa dohani ya mbele. Hakuna modeli hapo, yaani meli ndogo ya mfano. Chuma kinachia, dohani inayumba, inakaa kidogo kana kwamba imebadili mawazo, kisha inalala juu ya jengo la sitaha lililo mbele yake na kulibomoa. Linganisha na modeli yoyote ya filamu za wakati huo. Katika modeli kitu huanguka haraka mno au, kikipunguziwa mwendo kwa kamera, huelea kama karatasi. Hapa uzito unaonekana kabla ya sauti kusikika. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa upande wa athari maalumu, ingawa haikushinda, na hapa neno "athari" linashangaza kidogo, kwa sababu walichokifanya ni kuivunja meli na kuipiga picha.

Si kila mtu anayestahimili kuitazama. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Julai 1956, meli ya Kiitaliano Andrea Doria ilipogongwa na Stockholm karibu na pwani ya Massachusetts, nahodha Raoul de Beaudéan aliigeuza Île de France, akawasha taa zote pamoja na herufi kubwa za jina la meli, na walionusurika walisimulia jinsi jina hilo lilivyowatokea gizani kama tangazo la uhai. Watu 753 walichukuliwa na meli hiyo usiku ule. Miaka mitatu baadaye jina lilelile lilifutwa, na meli ikalipuliwa vipande mbele ya kamera. Mwenye moyo mwepesi na aichague Gentlemen Prefer Blondes, ambako hakuna meli inayoumizwa.

Meli zilizokodishwa zikiwa hai

Kati ya seti tupu na meli inayokufa kuna kundi la tatu, nalo ni la filamu zilizopigwa kwa ushirikiano na kampuni za meli zilizokuwa bado zinatafuta abiria. Hapa jina na meli vinaafikiana, kwa sababu kampuni ilitaka jina lisomeke. Tatizo lake ni jingine: meli ya kweli huonekana kutoka nje, na waigizaji hukaa ndani ya studio.

Mfano unaojulikana zaidi ni An Affair to Remember ya mwaka 1957, ambamo Cary Grant na Deborah Kerr wanapendana njiani kutoka Ulaya kwenda New York. Meli ni Constitution ya American Export Lines, iliyoanza kazi mwaka 1951 na kupita kati ya New York na bandari za Mediterania. Mwaka mmoja kabla ya filamu, Grace Kelly alikuwa amesafiri kwa meli hiyohiyo kwenda kuolewa Monaco, kwa hiyo watazamaji wa wakati ule waliijua vizuri. Picha za meli ikiwa baharini na bandarini ni za kweli; mazungumzo ya wapenzi kwenye reli ya sitaha ni ya studio, bahari ikitupwa kama picha kwenye turubai nyuma yao. Ili ujue, angalia nywele na upeo wa bahari. Meli halisi inayokata maji ina upepo usiokoma, na upeo wake hupanda na kushuka kwa mpangilio usioendana na mtu. Pale ambapo nywele za Kerr zimetulia na upeo umenyooka kama meza, umo studioni Los Angeles.

Constitution inatufundisha pia mahali ambapo kanuni yangu ya dohani inashindwa. Ilikuwa na pacha wake, Independence, iliyojengwa katika karakana ileile ya Quincy, Massachusetts, na kuanza kazi miezi michache tu kabla yake. Dohani mbili, umbo moja, rangi moja. Kwa mapacha kama hawa hakuna umbo linaloweza kuwatenganisha ukiwa mbali; hapo, na hapo tu, jina lililo kwenye omo au tezi ndilo linaloamua, na ni lazima lionekane katika picha ileile yenye dohani, si kwenye boya lililo katika picha inayofuata.

Bon Voyage! ya Disney, ya mwaka 1962, inaipa nafasi meli ya United States, na kwa mtazamaji wa meli nusu saa ya kwanza ina thamani kuliko yote yanayofuata Paris. Meli hii, yenye urefu wa meta 302, ilivunja rekodi ya kuvuka Atlantiki katika safari yake ya kwanza Julai 1952, kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, na hakuna meli kubwa ya abiria ya aina yake iliyokuja kuizidi. Dohani zake mbili kubwa, nyekundu zenye mkanda mweupe na kilele cha buluu, zina mabawa yanayotokeza pembeni juu kabisa ili kuutupa moshi mbali na sitaha. Huchanganywa na meli ya America ya kampuni hiyohiyo, iliyobuniwa na mtu yuleyule, William Francis Gibbs, na kupakwa rangi zilezile, lakini America ilikuwa na urefu wa meta 220 tu, na dohani zake hazitawali picha kwa namna ile. Ukijiuliza kama dohani zimezidi ukubwa wa meli, basi unaiangalia United States.

Kwa meli hii kuna kipimo cha ndani pia, na nakipenda kwa sababu kinafanya kazi hata katika picha ya chumba kimoja. Gibbs aliogopa moto kupita kiasi, na karibu aliifukuza mbao kabisa melini: samani zilikuwa za aluminiamu, vitambaa vilikuwa vya kutoshika moto, na mbao zilibaki katika vitu vichache kama piano na magogo ya kukatia nyama jikoni. Ukuta wa mbao uliong'arishwa ukitokea nyuma ya mwigizaji, huwezi kuwa ndani ya United States, hata kama boya lina jina lake. Queen Mary ni kinyume chake. Cunard iliitangaza kwa mbao zake kutoka pembe zote za milki ya Uingereza, na ukumbi wake usio na mbao ndio unaopaswa kutiliwa shaka. Filamu ya Disney imekuwa na uzito mpya tangu Februari 2025, meli ilipovutwa kutoka Philadelphia hadi Mobile, Alabama, kuandaliwa kuzamishwa pwani ya Florida iwe mwamba bandia wa samaki na wapiga mbizi.

Kwa Liberté nitapita haraka. Ilikuwa Europa ya Wajerumani, ikapewa Ufaransa baada ya vita, ikaanza safari zake mpya mwaka 1950, na ndiyo inayotajwa mwishoni mwa Sabrina ya mwaka 1954, Audrey Hepburn anapokwenda zake Paris na Humphrey Bogart kumfuata. Ni sehemu fupi sana. Ugumu wake ni kwamba katika miaka hiyo Liberté na Île de France zote zilikuwa za Kifaransa na zote zilikuwa na dohani mbili. Liberté ni ndefu zaidi kwa meta 40 na kitu, na dohani zake ni ndefu zenye kofia juu, ilhali Île de France ina omo iliyosimama karibu wima kama meli nyingi za rika lake.

Meli iliyogeuzwa juu chini

The Poseidon Adventure ya mwaka 1972 imekaa peke yake, kwa sababu ina ukweli na uongo ndani ya picha zinazofuatana. Meli ya kisa, Poseidon, haikuwahi kuwepo. Lakini baadhi ya sehemu za mwanzo zilipigwa ndani ya Queen Mary ikiwa Long Beach, na modeli iliyotumika baharini, yenye urefu wa zaidi ya meta 6, ilitengenezwa kwa kufuata ramani za Queen Mary. Ukumbi wa sherehe unaogeuka juu chini ni seti. Kwa hiyo ukiona dohani tatu, nyaya na mabomba ya hewa, unayo haki ya kusema "Queen Mary", mradi uongeze kwamba inayoelea katika mawimbi ni mtoto wake.

Modeli hujisaliti kwa maji. Mtu anaweza kupunguza kila kitu, madirisha, reli, mashua za kuokolea, lakini tone la maji halipunguziki. Povu linalopasuka kwenye omo ya modeli lina matone makubwa kama vichwa vya watu, ukilinganisha na madirisha yaliyo karibu nayo. Simamisha picha wakati wimbi linapopiga, kisha pima tone moja kwa dirisha moja. Modeli ya Titanic ya mwaka 1953, yenye urefu wa zaidi ya meta 8, ilikuwa kubwa kwa makusudi hayohayo, ili maji yaonekane madogo, na mtu akiijua siri hii ataona kwamba hata ukubwa huo haukutosha.

Jambo moja zaidi kuhusu Queen Mary ya filamu hii halijulikani na wengi. Meli ilipokuwa ikigeuzwa hoteli baada ya mwaka 1967, dohani zake za asili ziliondolewa, zikasambaratika. Kutu ilikuwa imezila, na kilichokuwa kikizishika kwa sehemu kubwa ni tabaka za rangi za miaka thelathini. Zilizowekwa mahali pake ni nakala za aluminiamu. Yaani hata pale meli ni ya kweli, dohani zake si zile zilizovuka Atlantiki.

Liemba ambayo haimo

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama Liemba ya Ziwa Tanganyika inaonekana katika The African Queen ya mwaka 1951. Si meli ya Atlantiki, lakini swali ni la aina ileile. Manowari ya Kijerumani ya kisa hicho iliazima historia yake kutoka kwa Graf von Goetzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916, na ambayo Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Filamu ilipigwa Kongo na Uganda, si Kigoma, na nafasi ya manowari ilichukuliwa na Buganda, tagi ya mvuke, yaani chombo cha kuvuta meli, ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Historia ni ya Liemba, mwili ni wa Buganda.

Uchaguzi

Mwenye jioni moja tu, na anayetaka chuma, achague The Last Voyage bila kusita, ajue kwamba jina analolisikia si lake na rangi anayoiona si yake. Mwenye jioni mbili aanze na Gentlemen Prefer Blondes usiku wa kwanza, kisha The Last Voyage usiku wa pili, kwa mpangilio huo na si kinyume chake, kwa sababu ukishaona ukumbi wa kweli ukijaa maji, ule wa Fox hautakubalika tena machoni.

Anayetaka meli ikiwa katika ubora wake, ikiwa na abiria, taa na mapazia, atafute Bon Voyage! na aizime wakishafika Ufaransa. Anayetazama pamoja na mwenzi asiyejali meli amwekee An Affair to Remember. Kuna picha za kutosha za Constitution za kumridhisha mmoja, na machozi ya kutosha kwa mwingine. The Poseidon Adventure naiweka mwisho, kwa wale watakaobahatika kufika Long Beach siku moja: waitazame kabla ya safari, kisha wapande melini, wazipite zile dohani za aluminiamu, na washuke hadi kwenye kumbi za mbao, ambako hakuna cha nakala.